Fort Worth kwa siku tatu: mwongozo kwa mgeni anayetua uwanja wa ndege wa DFW

Kama una noti ya dola ndani ya nyumba, itoe sasa. Iangalie upande wenye sura ya mtu, sogeza macho karibu, utafute herufi mbili ndogo sana: FW. Ukiziona, ujue noti hiyo ilichapwa Fort Worth, Texas. Serikali ya Marekani huchapa noti zake katika viwanda viwili tu, kimoja kiko Washington na kingine kiko hapa tangu mwaka 1991, na zaidi ya nusu ya noti hutoka hapa. Wafanyabiashara wa Kariakoo na Eastleigh, wanaozimulika noti kwenye mwanga kabla ya kuzipokea, wameshika kazi ya mji huu miaka nenda miaka rudi bila kulisikia jina lake.

Naishi upande huu wa Texas na nimepokea wageni wengi kutoka nyumbani: shangazi wa Tanga, binamu waliokulia Muscat, rafiki wa Mombasa aliyekuja na watoto watatu. Wote waliposhuka kwenye ndege waliomba jambo moja, wapelekwe Dallas. Siwabishii. Nawapeleka Dallas nusu siku, kisha nawaleta Fort Worth siku tatu, na picha wanazorudi nazo ni za Fort Worth. Kwa makadirio ya mwaka 2024 mji huu umevuka watu milioni 1, lakini bado unatajwa kama mkia wa jirani yake. Nataka uujue kwa jina lake wenyewe.

Hatua ya 1: Chagua mwezi kabla ya kuchagua tiketi

Julai na Agosti joto hufika nyuzi 38 na kupita. Usidhani umelizoea kwa kuwa umekulia Dar au Lamu, maana huku hakuna upepo wa bahari unaokuja kukupoza jioni. Lami inaendelea kutoa moto hata baada ya magharibi. Miezi mizuri ni Oktoba, Novemba, mwisho wa Machi na Aprili. Masika ya huku yana dhoruba. Simu ikipiga kengele ya tahadhari ya kimbunga, ingia chumba cha ndani kisicho na dirisha, ghorofa ya chini kabisa, na usitoke kwenda kupiga picha. Machi 2000 kimbunga kilipita katikati ya mji na kuvunja vioo vya maghorofa.

Kuna sababu mbili za kuvunja kanuni hiyo ya miezi. Ya kwanza ni Januari hadi mwanzoni mwa Februari, wakati wa Fort Worth Stock Show and Rodeo, maonyesho ya mifugo yaliyoanza mwaka 1896 na yanayochukua zaidi ya wiki tatu. Siku hizi rodeo yake, mashindano ya kauboi ya kupanda fahali na kutia kamba ndama, hufanyika Dickies Arena, ukumbi uliofunguliwa 2019. Njoo na koti zito, kuna asubuhi maji hugandia bombani. Sababu ya pili ni tarehe 19 Juni, nayo nitaieleza chini.

Hatua ya 2: Viza na ndege

Anza na ubalozi, usianze na tiketi. Tangu 2025 masharti ya viza ya Marekani kwa nchi zetu yamebadilika mara kadhaa, na raia wa baadhi ya nchi wamewekewa dhamana au vizuizi. Soma tovuti ya ubalozi wenyewe wiki ileile unayotaka kuomba, na usimpe wakala yeyote pesa kwa ahadi ya mdomo. Kwa ndugu wanaoishi Ghuba safari ni nyepesi kuliko wanavyofikiri: Emirates kutoka Dubai na Qatar Airways kutoka Doha hutua DFW moja kwa moja.

Hatua ya 3: Shuka DFW, geukia magharibi

Herufi za uwanja zenyewe zinasema: D ni Dallas, FW ni Fort Worth. Ulifunguliwa mwaka 1974 katikati ya miji hiyo miwili, lakini rubani anapotangaza, masikio ya abiria hukamata jina la kwanza tu. Ukishachukua mizigo, nenda Terminali B na upande treni inayoitwa TEXRail. Imeanza Januari 2019, ni safi, na kwa dola chache inakufikisha katikati ya Fort Worth kwa muda wa karibu saa nzima. Kama umeshukia jengo lingine, kuna basi la bure linalozunguka kati ya majengo. Kati ya Fort Worth na Dallas kuna treni nyingine, Trinity Railway Express. Hakiki ratiba yake kama safari yako ni ya Jumapili, usije ukasimama stesheni peke yako.

Je, ukodi gari? Mkiwa wawili na mnakaa katikati ya mji, hamlihitaji. Mkiwa familia, kodini, kwa sababu mji umetawanyika na mabasi hayaendi kila pembe. Lakini sikiliza habari ya barabara za kulipia. Huku hakuna kibanda cha kutolea hela wala mtu wa kukupa risiti. Kamera inapiga picha namba ya gari, na bili inakwenda kwa mwenye gari. Mara yangu ya kwanza nilipita kwenye barabara hizo kama nilivyoelekezwa na simu, na wiki tatu baadaye kampuni niliyokodi kwake ikanikata ushuru pamoja na ada yake kwa kila siku niliyokuwa na gari, hata siku ambazo gari lilikuwa limelala. Iliniuma sana. Tangu siku hiyo nafanya mambo mawili: namuuliza karani kuhusu ada hiyo kabla ya kutia saini, na naweka kwenye ramani ya simu kwamba sitaki barabara za kulipia. Unaongeza dakika kumi, unaokoa pesa ya chakula cha mchana.

Hatua ya 4: Mahali pa kulala

Kwa mgeni wa kwanza napendekeza katikati ya mji, karibu na mtaa wa Sundance Square. Unatembea kwa miguu jioni, taa zipo, watu wapo, na stesheni haiko mbali. Hoteli za Stockyards, mtaa wa mazizi ya zamani ya ng'ombe, zina sura nzuri lakini bei yake ni kali, na Ijumaa na Jumamosi muziki unakesha. Ukiwa na watoto wadogo au wazee, usiwalaze huko.

Hatua ya 5: Siku ya kwanza, Stockyards

Hapa usiharakishe. Fika saa nne asubuhi, kabla ya jua kukaza.

Fort Worth ilianza mwaka 1849 kama kambi ya jeshi juu ya mto Trinity, na ilipewa jina la Jenerali William Jenkins Worth. Kilichoifanya mji ni ng'ombe. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani, Texas ilikuwa na ng'ombe wengi kuliko wanunuzi, ilhali miji ya kaskazini ilikuwa na njaa ya nyama. Wachungaji wakaswaga makundi kwa miguu hadi kwenye reli za Kansas, safari ya miezi, na Fort Worth ikawa kituo cha mwisho cha kununua unga, kahawa na risasi kabla ya pori. Reli ilipofika hapa mwaka 1876, ng'ombe wakaanza kupakiwa papa hapa. Mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni mbili kubwa za nyama, Swift na Armour, zikajenga machinjio kando ya mazizi. Mwaka 1944 pekee zaidi ya mifugo milioni 5 ilipita hapa. Kisha malori yakaua biashara ya reli, minada ikahamia vijijini karibu na wafugaji, Armour ikafunga 1962 na Swift 1971. Kilichobaki ni matofali, na wenyeji wakakataa yabomolewe.

Ingia kwa barabara ya Exchange. Upande mmoja utaona Livestock Exchange, jengo la 1902 ambamo madalali walipatana bei. Mbele yake kidogo ni Mule Alley, mabanda ya nyumbu yaliyojengwa upya kwa matofali baada ya moto wa 1911, leo yamekuwa maduka na mikahawa. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia majeshi ya Ulaya yalinunua hapa farasi na nyumbu kwa maelfu. Kama umewahi kusimama kwenye mnada wa Pugu, ukasikia kelele na kuona vumbi, funga macho kidogo hapa uyarudishe, maana siku hizi mahali penyewe pametulia.

Saa tano na nusu asubuhi, tafuta nafasi kwenye ukingo wa barabara. Kila siku, hali ya hewa ikiruhusu, wachungaji juu ya farasi huswaga kundi la maksai wa Texas Longhorn katikati ya barabara, na saa kumi jioni wanarudia. Ni bure, na ni kazi ya mji wenyewe tangu 1999. Wageni wengi hutegemea mbio na vumbi kama kwenye sinema. Sivyo. Utasikia kwato kwenye matofali, taratibu, kama mtu anayepanga vikombe vya udongo, na pembe ndefu zikipita zikiyumba kushoto na kulia. Za baadhi yao huzidi mita 2 kutoka ncha hadi ncha.

Nilipata kumleta hapa baba wa rafiki yangu, mzee wa Kongwa aliyechunga tangu utotoni. Nilimwekea kiti, akakataa kukaa. Maksai mmoja mwenye madoa ya kahawia alipita karibu kiasi cha kuhesabu mikunjo ya shingo yake. Mzee akamtazama kuanzia kwato, akapanda magoti, akafika mgongoni.

"Mwanangu," akaniambia, "huyu hana nundu."

"Ndiyo, mzee. Wazee wake waliletwa na Wahispania kwa meli."

Akanyamaza mpaka kundi lote likapita. Ndipo akasema: "Angalia anavyoweka mguu. Huyu ni ng'ombe wa safari." Na kweli, hiyo ndiyo sifa iliyowafanya Longhorn wa zamani wathaminiwe: waliweza kutembea kilomita zaidi ya elfu moja, wakila majani ya njiani, na kufika wakiwa bado wana nyama. Wasomaji wa Rwanda, Burundi na Uganda watawakumbuka ng'ombe wao wa Inyambo na Ankole mara tu watakapoziona hizo pembe.

Kundi likishapita, usifuate umati dukani. Nenda mbele ya Cowtown Coliseum, ukumbi wa 1908, utafute sanamu ya shaba ya mtu aliyening'inia kwenye pembe za maksai. Huyo ni Bill Pickett, Mwamerika mweusi aliyezaliwa Texas mwaka 1870, mtoto wa wazazi waliowahi kuwa watumwa. Ndiye aliyebuni mchezo wa kuruka kutoka juu ya farasi na kumwangusha maksai kwa mikono, na yeye alimalizia kwa kuuma mdomo wa juu wa mnyama kwa meno, kama alivyoona mbwa wa wafugaji wakifanya. Mchezo huo, bila kuuma, ni sehemu ya kila rodeo hadi leo. Wanahistoria wengi hukadiria kwamba kauboi mmoja kati ya wanne wa zama zile alikuwa mtu mweusi. Sinema tulizoziangalia tukiwa watoto, kwenye video za mtaani, zilituficha jambo hilo. Mweleze mtoto wako hapohapo, akiwa ameishika shaba kwa mkono.

Hatua ya 6: Jioni, rodeo

Nunua tiketi mapema mtandaoni kwa Ijumaa au Jumamosi usiku, ndani ya Cowtown Coliseum hiyohiyo. Rodeo ya ndani ya ukumbi ilifanyika hapa mwaka 1918, na wenyeji wanajivunia kuwa ilikuwa ya kwanza duniani. Kaa safu za chini kama unaweza kuvumilia vumbi, utasikia pumzi ya farasi.

Kabla ya kuanza watu husimama, kofia zikavuliwa, ikasomwa sala na kuimbwa wimbo wa taifa. Simama nao. Baada ya hapo ni kutia kamba ndama, wanawake kukimbiza farasi kuzunguka mapipa, na mwisho kupanda fahali. Mpandaji anatakiwa kukaa sekunde 8 kwa mkono mmoja tu. Nane inasikika ndogo. Zihesabu taratibu ukiwa umekaa, kisha uhesabu tena fahali akiwa angani, utaona tofauti. Mara nyingi huwapo pia watoto wadogo wenye helmeti wanaopanda kondoo, na hapo ukumbi mzima hugeuka kuwa wajomba na mashangazi.

Baada ya rodeo wengi huingia Billy Bob's Texas, ukumbi wa muziki na dansi uliofunguliwa 1981 katika lililokuwa banda la mifugo. Ni mkubwa kiasi kwamba una uwanja wake wa kupandia fahali ndani. Pombe huuzwa, lakini asiyekunywa hasumbuliwi. Agiza soda, utazame wazee wa miaka sabini wakicheza dansi wawili wawili bila kukosea hatua.

Hatua ya 7: Siku ya pili, majengo matatu ya sanaa

Hapa ndipo Fort Worth inaponishangaza kila mara. Mji wa wachinjaji ng'ombe, uliotajirika kwa nyama na visima vya mafuta, ulizitumia pesa zake kuwaita wasanifu majengo bora wa dunia. Makumbusho yao yamekaa jirani, unavuka barabara tu kutoka moja hadi nyingine.

Anza na Kimbell Art Museum saa ya kufunguliwa. Jengo la kwanza ni la Louis Kahn, la mwaka 1972. Ukiingia usiangalie picha kwanza, inua macho. Dari ni mapipa marefu ya zege, na juu kabisa kila pipa limepasuliwa mwanya mwembamba. Jua linaingia hapo, linagonga bati la alumini lililopindwa, na kurudi juu kwenye zege, kisha linateremka kwako likiwa limekuwa la rangi ya fedha. Wingu likipita, chumba kizima kinavuta pumzi. Nimekaa kwenye benchi la pale dakika arobaini bila kutazama hata mchoro mmoja.

Halafu tazama michoro. Kuna "Mateso ya Mtakatifu Antonio" ya Michelangelo, aliyoichora akiwa na miaka kama 12 au 13, mchoro wake pekee wa rangi katika bara zima la Amerika. Kuna wacheza karata wa Caravaggio. Lakini usiondoke bila kuuliza kuhusu sanaa ya Afrika. Katika mkusanyiko wao yumo Chibinda Ilunga, sanamu ya Wachokwe ya mwindaji mwana wa ukoo wa kifalme wa Waluba, ambaye katika masimulizi ya Kongo na Angola alimwoa malkia wa Walunda na kuanzisha utawala mpya. Msomaji wa Lubumbashi au Kolwezi amelisikia jina hilo kwa bibi yake. Kuingia kwenye mkusanyiko wa kudumu ni bure; unalipia maonyesho maalumu tu. Jengo la pili, kando ya hapo, ni la Renzo Piano, la 2013.

Vuka barabara uende Modern Art Museum of Fort Worth, kazi ya Tadao Ando wa Japani, iliyofunguliwa 2002. Ni mabanda ya vioo na zege yaliyokaa kwenye bwawa la kina kifupi, na jioni yanaonekana yakielea. Kwa miaka mingi Ijumaa imekuwa siku ya kuingia bure, kwa hiyo pangilia siku zako uinase. Nje limesimama bomba la vyuma vikubwa vilivyoegemeana, urefu wa mita 20, kazi ya Richard Serra. Ingia ndani yake, upige kofi moja. Sauti inapanda ikizunguka na kukurudia mara nyingi. Watoto wa rafiki yangu wa Mombasa waligoma kutoka.

Ya tatu ni Amon Carter Museum of American Art, bure siku zote, iliyojengwa na Philip Johnson mwaka 1961. Humo ndimo walimo wapanda farasi waliochorwa na Frederic Remington na Charles Russell. Carter mwenyewe alikuwa mwenye gazeti la mji, na husimuliwa kwamba alipolazimika kwenda Dallas alibeba chakula chake kutoka nyumbani, ili asiache huko hata senti.

Kama nguvu bado zipo, National Cowgirl Museum iko eneo hilohilo na inaeleza wanawake wa ufugaji na rodeo. Kama hazipo, iache, uende bustani ya mimea ya mji. Sehemu yake ya Kijapani ina samaki wa rangi na kivuli cha kweli.

Hatua ya 8: Kula

Chakula cha hapa ni brisket, nyama ya kidari cha ng'ombe iliyookwa kwa moshi wa kuni usiku kucha hadi ikatike kwa uma. Huuzwa kwa uzito. Agiza robo kilo kwa mtu mmoja, useme kama unataka yenye mafuta au isiyo na mafuta. Mimi nasema yenye mafuta, utanishukuru. Goldee's, iliyowekwa namba moja Texas nzima na jarida la Texas Monthly mwaka 2021, hufungua mwisho wa wiki tu, na foleni huanza mapema. Nenda na kofia na maji. Nyama ikiisha wanafunga, hakuna kubembelezana.

Kwa chakula cha Kimeksiko nenda Joe T. Garcia's, ilianza 1935 ikiwa na viti 16, leo ina bustani ya mamia ya watu. Beba na fedha taslimu kwa tahadhari.

Kwa Waislamu: nyama ya mikahawa hii si halali isipokuwa wameandika hivyo, na tatizo halikai kwenye nyama peke yake. Maharage mara nyingi hupikwa na vipande vya nguruwe, na baadhi ya mikate ya tortilla na maharage ya kupondwa hutiwa mafuta yake. Uliza kila mara, kwa maneno wazi, na hawatakasirika. Kuna mikahawa na mabucha ya halali Fort Worth na Arlington, itafute kwenye ramani kabla hujashikwa na njaa.

Bei unayoiona kwenye menyu sio utakayolipa. Ongeza kodi ya asilimia 8.25, kisha bakshishi ya mhudumu, asilimia 18 hadi 20. Kwetu bakshishi ni hisani, huku ni sehemu kubwa ya mshahara wa yule dada anayekuletea sahani. Usimnyime.

Hatua ya 9: Siku ya tatu, kati ya mji na watu wake

Asubuhi tembea Sundance Square. Utauona ukumbi wa muziki wa Bass, wa 1998, wenye malaika wawili wa mawe wanaopuliza tarumbeta ukutani. Shindano la piano la Van Cliburn, la kila miaka minne, ni la mji huu. Mwaka 2022 alishinda Yunchan Lim wa Korea Kusini akiwa na miaka 18. Mitaa michache kusini ya ukumbi huo ni mahali ambapo Rais Kennedy alilala usiku wake wa mwisho. Asubuhi ya tarehe 22 Novemba 1963 alitoka hotelini akahutubia watu waliomsubiri kwenye manyunyu, akanywa chai ya asubuhi na wenyeji, akapanda ndege kwenda Dallas. Sanamu yake ipo pale, na watu huipita bila kusimama. Wewe simama.

Ukija mwezi Juni, huu ni mji wa Mama Opal Lee. Tarehe 19 Juni 1865 watumwa wa Texas walitangaziwa uhuru, miaka miwili na nusu baada ya tangazo la Rais Lincoln. Bibi huyu, mwalimu mstaafu, aliyeshuhudia nyumba ya wazazi wake ikivamiwa na kuchomwa na wazungu Fort Worth mwaka 1939, alianza mwaka 2016, akiwa na miaka 89, kutembea kwa miguu kudai siku hiyo iwe sikukuu ya taifa. Ikawa hivyo 2021. Kila Juni watu hutembea maili mbili na nusu, maili moja kwa kila mwaka wa ucheleweshaji. Jiunge nao.

Na utasikia Kiswahili. Wakongo wengi waliopitia kambi za wakimbizi za Afrika Mashariki wamepewa makazi hapa, pamoja na Warundi na Wanyarwanda. Siku moja nilikuwa dukani nachagua dona, nikamwuliza shangazi kama mfuko ule ungetosha. Mama mmoja wa kitenge akageuka.

"Uko wa Tanzania weye, nasikia ku sauti."

"Shikamoo mama. Ndiyo, na wewe?"

"Uvira. Nilikaa Nyarugusu miaka kumi na mbili." Akamshika shangazi mkono, wakaanza kuulizana bei ya sombe na mahali pa kupata mawese, na mimi nikawa mbeba mifuko. Ukimsikia mtu, msalimie. Atakuonyesha kanisa, msikiti, saluni na mahali pa kupata ugali kwa haraka kuliko simu yako.

Hatua ya 10: Kununua kofia na kuondoka

Ukitaka kofia ya kauboi, nunua ya kweli Stockyards. Wakupime kichwa, wakupinde ukingo kwa mvuke mbele ya macho yako. Inachukua dakika chache. Usiishike kwa mbele pale panapobonyea, shika ukingo. Usiifungie kwenye sanduku. Ndani ya ndege ivue uiweke magotini au juu ya mizigo ikiwa imepinduliwa, utosi chini, ukingo juu, la sivyo utafika nyumbani nayo imelala masikio. Treni ya kurudi DFW inapita kituo cha North Side, dakika chache kwa gari kutoka mazizini, kwa hiyo unaweza kuwaona maksai wa saa tano na nusu na bado ukawahi ndege ya jioni.